Mgeni anayeshuka Tabora ni wa nani?

Tarehe 7 Novemba 1857, msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, uliingia Kazeh, mji wa wafanyabiashara ambao leo umemezwa na Tabora. Ilikuwa siku ya 134 tangu waiache pwani. Wapagazi walivaa nguo nzuri walizozitunza kwa siku hiyo, bendera ikatangulia, baruti ikalia, na watu wakatoka majumbani kuwatazama wageni. Kelele zilipotulia, wakubwa wa mji waliwaacha wapumzike. Desturi ya Kazeh ilimpa mgeni siku nzima ya kujinyoosha na kuagana na wapagazi wake kabla mtu hajaja kumdadisi habari za njiani. Baada ya hapo ndipo Waarabu wa mji walipokuja kuwajulia hali, na zawadi za ugeni zikafuata: mbuzi na mizigo ya mchele mweupe. Mmoja wao, Snay bin Amir, ambaye alianza maisha kwa kutengeneza halua Muscat na sasa alikuwa tajiri mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, akawa mwenyeji wao kwa wiki zote walizokaa hapo.

Karne moja na nusu na ushei imepita. Safari iliyomchukua Burton miezi minne na nusu sasa ni ya basi linaloondoka Dar es Salaam alfajiri na kufika Tabora usiku wa siku hiyohiyo. Kuna benki, kuna umeme, kuna gesti kila mtaa. Kilichopungua ni mtu wa kusema, "Huyu ni mgeni wetu." Msafiri aliye peke yake, hasa anayetoka nje ya nchi, anashuka na begi lake mgongoni na kuachiwa aipambanie siku yake ya kwanza mwenyewe. Hilo ni kosa la mji, na linaweza kurekebishwa bila kusubiri mfadhili.

Siku ya kwanza ugenini ina uzito wake, nao umeandikwa tangu zamani na watu waliosafiri kuliko wengi wetu. Ibn Battuta alitoka Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, bila rafiki wala ndugu wa kufuatana naye. Alipofika Tunis alikuwa amejiunga na kundi la wasafiri, na wenyeji wakaja kuwapokea. Kila mtu akasalimiwa na watu wake. Yeye hakuna aliyemgeukia, kwa kuwa hakuna aliyemjua, na kijana huyo ambaye baadaye angefika mpaka India na China akalia machozi palepale. Aliyemwokoa ni msafiri mwenzake mmoja aliyeliona chozi lile, akamsogelea, akamsalimu na kumzungumzisha hadi mjini. Hakupewa fedha wala chakula. Alipewa salamu, na aliikumbuka salamu ile alipokuja kusimulia safari zake miaka mingi baadaye, alipokwisha kuwa mtu mzima mwenye sifa.

Mwaka 1331 huyohuyo alitia nanga Mogadishu, na huko akakuta utaratibu uliokamilika. Jahazi lilipokaribia bandari, vijana wa mji walilifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani yake ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutamka mbele ya wote kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikuwa na nyumba ya kulala, mtu wa kumuuzia bidhaa na mtu wa kumnunulia. Aliyemdanganya bei, au aliyefanya naye biashara bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabika batili. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa sultani wa mji, akaandaliwa wali wa samli na kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Mswahili wa leo akiisoma orodha hiyo hatahitaji kuelezwa ladha yake.

Utaratibu huo ulikuwa na faida kwa pande zote mbili. Mgeni alipata ulinzi siku ambayo ni rahisi zaidi kumwibia, siku asiyojua bei, njia wala lugha. Mji nao ulipata mtu wa kuulizwa: mgeni akidhulumiwa, mwenyeji wake alijulikana kwa jina, na mgeni akivuruga, ni mwenyeji huyohuyo aliyeitwa.

Biashara ilipopanda bara, utaratibu ulipanda nayo. Njia ya kati iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, nchi iliyokuwa na Kazeh, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ilitegemea mapokezi katika kila kituo. Ugogoni msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo za merikani na kaniki na kwa shanga, ili upate ruhusa ya kupita na kuteka maji. Unyanyembe, wakubwa wa biashara walijifunga na wakubwa wa nchi hata kwa ndoa. Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mgeni aliyekuwa na mkwe mtemi hakuwa tena mgeni wa kusumbuliwa njiani.

Henry Stanley aliyaona matunda ya mpango huo alipoingia Unyanyembe Juni 1871, akimtafuta David Livingstone. Aliyempokea ni liwali wa Sultani wa Zanzibar, Said bin Salim. Huyu ni yuleyule aliyewaongoza Burton na Speke kutoka pwani mwaka 1857. Miaka 14 baadaye, mtu aliyefika Kazeh na msafara wa wageni ndiye aliyekuwa akiwafungulia wageni mlango. Matajiri wa Tabora nao hawakukawia. Wakaja watu wamebeba masinia ya wali, mabakuli ya mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau. Nyuma yao wakaswagwa ng'ombe watano, kondoo wanane na mbuzi kumi, na mwingine akafunga msururu na kuku na mayai.

Hapo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu waliobeba masinia yale walikuwa watumwa. Nao waliwahi kuwa na siku yao ya kwanza Tabora. Walifika kutoka Manyema na kwingineko magharibi mwa ziwa, wengine wamefungwa shingo kwa shingo, na hakuna aliyewaletea sahani iliyofunikwa. Ukarimu uliosifiwa na Burton na Stanley ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na mlango mwembamba. Aliyepita ni mwenye barua ya Sultani, mwenye bidhaa, au mwenye ndugu katika biashara.

Sidi Mubarak Bombay aliujua mlango huo kwa pande zake zote mbili. Alikuwa Myao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa na kuvushwa bahari hadi India. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarudi Afrika Mashariki, akawa askari wa Sultani, kisha akafuatana na Burton na Speke hadi Kazeh na Ujiji. Mtu aliyeanza safari zake ugenini kama mali ya mwingine aliishia kuwa mtu ambaye Wazungu wasingeweza kusafiri bila yeye; baadaye alikwenda na Stanley pia, na akavuka bara na Verney Lovett Cameron. Anayetaka Tabora iurudie ukarimu wa misafara amkumbuke Bombay kabla ya kumkumbuka Snay bin Amir. Mapokezi ya zamani yalikuwa bora kwa waliopokelewa. Ya leo yanatakiwa yawe ya kila anayeshuka.

Je, anayeshuka leo anakuta nini?

Tuseme ni binti wa Kirundi anayetafuta soko la batiki zake, au Mkongo aliyevuka ziwa hadi Kigoma na kupanda treni, au kijana wa Kijerumani anayeifuatilia njia ya misafara na ramani mkononi. Wote watatu wanafika wamechoka, mara nyingi giza limeshaingia. Kabla hawajakanyaga chini vizuri, vijana wa bodaboda na bajaji wamewazunguka, na swali la kwanza ni "Unaenda wapi?" Salamu haipo, na kwa mji wa Wanyamwezi, ambako kupishana asubuhi na mtu bila kumwambia "mwangaluka" ni utovu wa adabu, hilo ni jambo la ajabu. Nauli inatajwa kwa kumtazama mtu usoni, kwa kuwa hakuna ubao wowote wa kumwelekeza. Kijana wa bodaboda hana kosa kubwa: anatafuta riziki, na mji haujampa kazi nyingine katika mapokezi hayo. Mji umemwachia yeye uso wake wa kwanza, kisha unalalamika uso huo una haraka.

Gesti, msafiri anasogezewa daftari kubwa la wageni lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Anajaza jina, kabila au taifa, kazi, namba ya kitambulisho, anakotoka na anakokwenda. Daftari hilo linamuuliza kila kitu ambacho Snay bin Amir angemuuliza Burton. Tofauti ni kwamba Snay aliuliza akiwa amekwisha kutuma mbuzi. Mhudumu wa gesti anafunga daftari, anataja bei ya chumba, anatoa ufunguo, sabuni na ndala, na mapokezi yameisha. Mgeni akiuliza wapi atapata chakula saa nne ya usiku, wapi atabadilisha faranga zake, au kama ni salama kutembea hadi barabara kuu, majibu yanategemea moyo wa aliye zamu usiku huo.

Watetezi wa mambo ya kisasa watasema simu imemaliza hayo yote. Ni kweli kwa kiasi. Ramani ya simu itaonyesha stesheni iko wapi na soko liko wapi. Lakini laini ya Burundi au Kongo ikivuka mpaka mara nyingi ni mzigo tu mfukoni, salio la fedha za simu limebaki nyumbani, na laini ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na pasipoti, jambo ambalo mgeni aliyefika usiku hawezi kulifanya mpaka duka lifunguliwe. Kwa hiyo saa zile chache ambazo mtu anaihitaji simu kuliko saa nyingine zote ndizo saa ambazo simu yake haina msaada. Na hata ikishika mtandao, haimtetei mbele ya anayemtajia nauli mara tatu.

Kuna jingine ambalo waandishi wa habari za utalii hulikwepa. Huyo kijana wa Kijerumani, pamoja na kulanguliwa nauli, atapata tabasamu. Watoto watampungia mkono, mtu atajitolea kumwonyesha njia, na ofisa yeyote atamwita mgeni wetu. Yule Mrundi na yule Mkongo, waliotoka jirani na wanaoongea Kiswahili, watatazamwa kwa jicho la kuuliza wamefuata nini. Raia wa Burundi na wa Kongo wanatoka nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi tangu 2007 na Kongo tangu 2022. Kwenye karatasi ni watu wa nyumbani. Kwenye stendi saa tatu usiku, mara nyingi ni watuhumiwa mpaka wathibitishe vinginevyo.

Mkoa wa Tabora una sababu ya kulijua hili kuliko mikoa mingi. Ulyankulu ilipokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na waliofika siku hizo waligawiwa ardhi, wakalima, wakazaa. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo na vizazi vyao katika makazi yao ya magharibi mwa nchi. Nchi iliyoweza kumgeuza mkimbizi kuwa raia haiwezi kushindwa kumwambia mfanyabiashara mmoja wa batiki wapi pa kulala na nauli ni kiasi gani.

Suala hili lina haraka yake kwa sababu ya reli. Treni ya kwanza iliifikia Tabora mwaka 1912, enzi ya Wajerumani, na miaka miwili baadaye njia ikafika Kigoma. Tawi la Mwanza likafuata mwaka 1928, na Tabora ikawa njiapanda ya reli ya kati. Sasa reli ya kisasa, SGR, ambayo tangu 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inasukumwa magharibi: Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, Tabora hadi Kigoma, na tawi la kutoka Uvinza kuelekea Musongati nchini Burundi. Kazi hizo zikikamilika, Tabora itarudi kuwa kile ilichokuwa mwaka 1857, mahali ambapo kila anayekwenda ziwani au kurudi pwani hana budi kupita. Abiria wataongezeka, na wengi wao watakuwa watu wa kawaida wanaosafiri peke yao. Watalii wa makundi wana kampuni ya kuwapokea. Hawa hawana.

Kwa nini basi Halmashauri ya Manispaa isianze na vitu vidogo? Ubao mmoja stesheni na mwingine stendi ya mabasi, wenye nauli elekezi za bodaboda na bajaji kutoka hapo hadi sehemu kuu za mji, kwa Kiswahili na kwa lugha ambazo abiria wa Kigoma huzitumia, Kifaransa kikiwamo. Vizibao vyenye namba kwa vijana wanaoegesha hapo, ili mgeni aliyedhulumiwa awe na namba ya kuitaja. Meza moja na mtu mmoja, saa ambazo treni na mabasi ya mbali yanaingia, mwenye orodha ya gesti zilizokaguliwa na namba ya simu ya polisi. Vyama vya bodaboda vipo na viongozi wao wanajulikana. Kinachohitajika ni kuwaita mezani na kuwaeleza kwamba mgeni aliyetendewa vizuri siku ya kwanza ndiye atakayekodi pikipiki siku ya pili kwenda Kwihara.

Na Kwihara yenyewe ni mfano wa fursa inayopotea. Livingstone alikaa katika tembe la hapo mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley mwezi Machi, akisubiri watu na mizigo kutoka pwani hadi alipoondoka mwishoni mwa Agosti. Tembe hilo limejengwa upya na ni makumbusho, kilomita chache tu nje ya mji. Njia nzima ya misafara, Kwihara ikiwamo, iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2006. Hata hivyo mgeni anaweza kulala Tabora siku mbili, akala wali na kisamvu kwa mama lishe, akanunua asali na matobolwa ya kupeleka kwao, akaondoka bila mtu kumwambia kwamba alikuwa amelala kwenye mji uliowapokea Burton, Stanley, Cameron na Bombay.

Wapo watakaosema fedha za manispaa zina kazi nyingi za haraka zaidi, zahanati na madarasa. Hoja hiyo ina nguvu ikiwa kinachopendekezwa ni jengo la ghorofa lenye bango la "Kituo cha Utalii". Mbao mbili zilizochorwa na mchora mabango wa mtaani, vizibao, na mtu wa meza anayeweza kupatikana miongoni mwa vijana waliomaliza vyuo wakakosa ajira, havishindani na zahanati. Wapo pia watakaosema mgeni lazima achunguzwe kwa usalama wa nchi. Achunguzwe, na Uhamiaji wapo kwa kazi hiyo. Desturi ya Mogadishu inaonyesha kwamba mgeni mwenye mwenyeji anayejulikana ni rahisi kumfuatilia kuliko aliyeyeyuka gizani na begi lake.

Msafiri naye ana sehemu yake. Anayekuja Tabora peke yake asifike usiku kama anaweza kufika mchana. Awe na noti ndogondogo za shilingi tangu Kigoma au Dodoma, aulize nauli kwa abiria mwenzake kabla hajashuka, na ajue maneno mawili matatu ya salamu. Hata msafara wenye bunduki ulituma watu mbele kutoa taarifa ya ujio wake, kwa hiyo si aibu kumpigia simu mwenye gesti siku moja kabla.

Mambo hayo mgeni anaweza kuyatimiza mwenyewe. Ubao wa nauli hawezi kujiwekea. Bajeti ya manispaa hupitishwa kila mwaka, na baraza la madiwani lina nafasi ya kuliingiza jambo hili dogo kabla treni ya SGR haijapiga honi ya kwanza Tabora. Diwani wa kata yenye stesheni ndiye anayefaa kulianzisha, kwa sababu ni kwenye kata yake ambako watu hao wanashuka.